Asali Iendayo Kiwandani

Ndani ya treni ya asubuhi, mama aliyeketi mbele yangu alikuwa amepakata ndoo ya asali. Mkono haukutulia; kila mara aligusa kifuniko, utadhani anapima homa ya mtoto.

Alimweleza mzee wa kando yake kwamba anaipeleka kiwandani ikapimwe. Ikikubaliwa, kiwanda kitanunua asali ya kikundi chao chote. "Na mizinga ya magogo kule msituni mtaiacha?" mzee akauliza. "Wanataka asali ya mizinga ya masanduku, baba. Iwe rangi moja." Mzee akacheka bila furaha. "Sisi tulianza hivyo hivyo na pilipili, mwanangu. Tukapanda mbegu ya wanunuzi, yetu ikapotea. Walipopata wakulima wengine, hata simu hawakupokea." "Sisi hatutaacha ya zamani." "Mmekubaliana?" Mama akagusa kifuniko tena. "Mama mkwe amekataa. Tangu nianze safari hizi, hasemi nami. Lakini asali yake inaganda ndani miaka nenda rudi, mnunuzi hafiki. Tukae nayo mpaka lini?" "Angalau ni yenu." "Ni yetu, na watoto hawasomi!"

Abiria wakageuka. Mimi nikajifanya nasoma tangazo la kukataza kutema mate.

Treni ikapunguza mwendo, bomba la moshi la kiwanda likaonekana. Mama akasimama, akakaa, akasimama tena. "Ungekuwa wewe, baba, ungeshuka?"

Mzee aliitazama ile ndoo. Kisha akavuta magoti yake pembeni ili mama apate njia.