Bi. Lukresia Bujiku na Utando wa Simiyu

Kwa heshima na taadhima, watumishi wote wa Kituo cha Utafiti wa Nyuzi za Pamba, Bariadi, wanatangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, saa tisa na nusu alasiri, stuli iliyo mbele ya mizani ya Maabara Namba Mbili itakuwa wazi. Maombi hayajafunguliwa. Mwenye nia afahamu tu kwamba stuli hiyo imekaliwa na mtu mmoja kwa miaka thelathini na tatu na miezi mitano, ukitoa miezi kumi na minne, na kwamba mimi nilipojaribu kuikalia niliangukia ndoo.

Mtu huyo ni Bi. Lukresia Bujiku, fundi wa maabara, mzaliwa wa Nyashimo. Aliajiriwa Januari 1992, Bariadi ikiwa bado Shinyanga, na kituo kikiwa na darubini moja na mkuu mmoja. Leo tuna wakuu wa vitengo tisa, na darubini ni ileile.

Kwa wasioijua kazi yetu, yaani karibu wote wanaoisimamia: tunachukua selulosi ya pamba, tunaifunga iwe wavu wa polima, tunaichanganya na chumvi ya lithiamu, kisha tunaimimina iwe utando mwembamba kama ule wa juu ya maziwa yaliyochemka. Ndani ya wavu chumvi hugawanyika kuwa ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme. Ioni zikipita vizuri kutoka upande huu hadi ule, unaweza kupata betri isiyo na majimaji ya kuvuja. Shida ni mwendo. Katika utando mkavu, ioni hujikokota kama ng'ombe wa Zagayu mwezi wa Septemba. Ukiingia unyevu kidogo tu wa hewa, zinakimbia. Lakini hapo unapima maji, hupimi utando.

Hilo Bi. Lukresia alilijua bila shahada yoyote. Utando wake ulikaa kwenye tanuri saa arobaini na nane, ukatoka moja kwa moja kuingia kwenye chombo kisichopitisha hewa. Ukimwamkia "Mwangaluka, mama," alijibu tarakimu za mizani zikishatulia, na mara nyingi jibu lilikukuta umeshafika ofisini kwako. Profesa mmoja mgeni aliegemea meza Bi. Lukresia akipima. Akamwomba akaegemee ukuta, kwa kuwa ukuta haupimi kitu. Tasnifu yangu ya udaktari aliwahi kuiweka kwenye mizani. Ilikuwa kilo moja na gramu mia nne, akasema basi ni nzito.

Kisha ukaja utukufu. Novemba 2019 kituo kilitangaza "Utando wa Simiyu", unaopitisha ioni mara elfu moja zaidi ya tando zote tulizowahi kutengeneza. Tulishona fulana. Tulipachika bango getini. Tulifanya semina ya siku tatu Lamadi, ambako watu sitini na wawili walikula sato, na waliojua ioni ni nini walikuwa wawili, mmoja wao akisinzia. Sampuli tuliyotuma nje wenzetu waliikausha, wakaipima, wakatuandikia kwa adabu kwamba labda bahasha zimebadilishana. Tuliwacheka.

Bi. Lukresia yeye alipewa barua ya onyo kwa "kuvuruga kifaa cha kupimia mwendo wa ioni", akahamishiwa stoo miezi kumi na minne. Katika miezi hiyo sisi madaktari watano tulipata vipimo vya kupendeza wakati wa mvua na vya kuhuzunisha wakati wa kiangazi, tukaunda kamati kuchunguza kwa nini polima haipendi mwezi wa Julai. Kamati ilipendekeza inunuliwe mashine mpya. Mwishowe akarudishwa maabara kimyakimya, bila barua. Ile ya onyo bado imo kwenye jalada lake, na jalada linafungwa Jumatatu.

Mahali hapa mwandishi hutakiwa kumshukuru mstaafu na kumtakia heri. Tunamshukuru kwa dhati. Tunamtakia afya, mpunga uliostawi huko Nyashimo, na wageni wasioegemea meza. Kuna jambo moja limebaki, ambalo kamati ya sherehe ilinishauri niliache.

Kabla ya tangazo lile la 2019, umeme ulikatika Jumanne moja, Bi. Lukresia akiwa msibani kwao. Tanuri lilizimika na mvua ilinyesha mpaka usiku. Wageni wetu walifika Jumatano, nikaukuta utando mezani, dirisha wazi, nikaupima hivyo hivyo mbele yao. Tarakimu ilikuwa kubwa ajabu. Kwenye daftari niliandika: umekaushwa saa 48. Nilijua haujakaushwa. Aliporudi aliukausha, akaupima, tarakimu ikaanguka mara elfu. Akaiandika chini ya yangu, akasaini. Mkuu wa kituo wa wakati huo, Dkt. Method, akaniuliza ipi ni sahihi. Nikasema mama amevuruga kifaa.

Alinifuata ofisini mara moja tu. "Daktari, kama kifaa nimekiharibu mimi, mbona ule myeyusho wa chumvi wa kusahihishia, ambao kipimo chake hakibadiliki, kinausoma vilevile kama mwaka jana?"

Nikamwambia nina semina.

Jana niliandika barua kwa mkuu wetu wa sasa nikieleza haya yote na kuomba ile ya onyo iondolewe kabla ya Jumatatu, na kama lazima jalada lisibaki tupu, liwekwe onyo langu kwenye jalada langu. Bado sijajibiwa. Nakala nilimpelekea Bi. Lukresia mwenyewe, mkononi. Aliisoma yote akiwa amesimama, akachukua kalamu, akakata neno moja. Nilikuwa nimeandika kwamba wageni walifika Alhamisi.

Nimerekebisha.