Kamera Mbili Zisizozunguka kwa Mnara wa Lehtiluoto

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Mkoa, Ilpo Raunela,

Husemwa macho hayana pazia. Macho ya mnara wetu yanalo, na pazia lenyewe ni barafu.

KARIBU TENA
Sisi Watazama Hewa wa kisiwa cha Lehtiluoto tunafurahi kukuona. Kahawa ipo, mikate ya mdalasini ipo, na sauna, bafu letu la mvuke, imeshawashwa.

MNARA NA KAZI YAKE
Mnara huu ulijengwa kwa ajili ya marubani wa meli. Siku hizi anayeutegemea kuliko wote ni Hilkka Sormunen, nahodha wa boti ya wagonjwa. Hawashi injini kabla hajatazama kwenye simu, kwa picha za kamera ya mnara, ukungu umefika wapi.

TULIYOYAFANYA
Ulipotuletea kamera tuchague, tulizimwagia maji ya chumvi, tukazilaza kwenye friza ya duka la Pentti, katikati ya samaki. Zile ndogo zisizozunguka, zenye kipangusio na kioo cha joto, zilitoka zikiona. Ile kubwa inayozunguka ilikakamaa shingo. Tulikwambia. Ukacheka: "Jamani, hii inaona pande zote. Friza si bahari."

"Kweli, mkurugenzi," Hilkka akasema. "Friza haina upepo."

Hatufichi kasoro ya zile ndogo: shakwe huzikalia wakiota joto. Pentti ameshatengeneza miiba ya waya ya kuwafukuza.

YALIYOTUKUTA
Ukaifunga ile kubwa mnarani. Alasiri ya uzinduzi, Novemba iliyopita, tulikupeleka sauna, maana mgeni haondoki hapa bila kuoga. Huko juu kamera ikaganda, imelikodolea macho gati la sauna.

Ng'ambo, Hilkka alikuwa anamrudisha nyumbani Bibi Aune, aliyetoka kutibiwa nyonga. Akafungua simu aone bahari. Akakuona wewe, kama ulivyozaliwa, ukijitosa majini. Akampigia Pentti.

"Wee, bahari imekwenda wapi?"

"Sijui, dada. Hata mimi namwona mkurugenzi tu."

"Basi mwambie asogee, nione magharibi."

Nyuma yako mbingu ilikuwa safi, bila ukungu, naye akaiamini. Ukungu ulitokea upande ambao kamera iliupa kisogo. Boti ikapanda mwamba. Tulipowafikia, wawili hao walikuwa wamejifunika blanketi moja, na Bibi Aune akarudi hospitali kwa nyonga ileile.

TUNAYOYAOMBA
Tupe zile mbili ndogo. Moja itazame magharibi, moja mlango wa bahari. Baridi imeanza tena, na Hilkka amesema hatoki bila macho. Wagonjwa wetu watabaki vitandani mwao wakisubiri jibu lako.

Mungu akubariki, awalinde na wote wapitao maji haya.

Ofisi yako imetutaka pia tukuombe msamaha mbele ya watu, kwa kuwa kisiwa kizima kilikuona. Mkurugenzi, kamera uliichagua wewe. Msamaha hatuombi, sisi Watazama Hewa wa Lehtiluoto.