Majina ya Kilio Ndani ya Dosie ya Daraja

Wababa, wamama, ndugu zangu wa jumuiya hii, mtaniruhusu niseme huku nimeshika kiti. Jambo hili nimelisema mbele ya watu mara moja tu, na siku ile nilizomewa. Leo nalisema kwa hiari. Sitataja jina la mtu. Wenye kuhusika wako humu ndani, wengine nawaona kutoka hapa.

Mnajua kazi yangu. Ninaandika dosie, yaani mafaili, kwenye ofisi ya commune, manispaa yetu, huku upande wa mto Naviundu. Sikumaliza shule. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, na alipokufa niliacha sekondari katikati. Yote ninayoyajua juu ya utawala nilijifunza peke yangu, waraka baada ya waraka, nikiandika pembeni kwa kalamu ya risasi. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Nasema kwa sababu ndiko nilikoangukia: nilifikiri nazijua sheria kuliko wenye kuzitunga.

Commune haina feza nyingi ya kwake. Ya kujengea inatoka juu. Serikali kuu inaipeleka jimboni, nalo jimbo linaigawa kwa commune. Kwa miaka mingi kulikuwa na namna moja ya kuipata: unaanza kazi kwanza. Unabomoa, unachimba, unapiga picha, unazipeleka juu ukisema, “Oneni, kazi imekwisha kuanza, watu wanateseka.” Commune iliyokaa kungojea kibali ilingojea mpaka mwaka ukaisha. Hakuna mahali palipoandikwa hivyo, lakini kila mwandishi wa dosie mjini alijua.

Palikuwa na daraja la mbao kati ya nyumba zetu na upande wa pili, kwenye shule na nyumba ya uzazi. Mbao zilikuwa zimeoza. Gari halikupita tena, lakini watu wa miguu walipita. Nikaandika dosie ya daraja jipya la saruji. Mwezi uleule ukafika waraka mpya. Ulisema kwamba tangu sasa hakuna kazi itakayopewa feza ikiwa wakaaji hawakukutana kwanza na kuikubali, na kwamba orodha ya waliokuja, pamoja na sahihi zao na namba zao za simu, iwe ndani ya dosie.

Niliusoma mara mbili. Nikautoboa matundu, nikaupanga mahali pake. Kisha nikamwambia bourgmestre, mkubwa wa commune yetu:

“Mukubwa, hii ni karatasi tu. Za vile zilishapita mingi. Tubomoe, feza itatukuta mu njia.”

Aliniamini, kwa kuwa nilikuwa sijamkosea bado. Mwisho wa kiangazi daraja lilibomolewa kwa siku mbili. Watu wakalaza mti mmoja wa mkaliptusi juu ya maji, wavukie majuma machache.

Ndugu zangu, dosie ilirudi. Safari hii waraka haukuwa karatasi tu. Juu ya jalada waliandika kwa wino mwekundu: orodha ya wakaaji haipo. Walitupa siku kumi tuilete, na mkutano uwe umefanyika kabla ya kubomoa. Lakini mkutano haukufanyika. Hatukumwita hata mtu mmoja.

Sasa sikilizeni nilichokifanya.

Katikati ya kiangazi jirani yetu mmoja alikuwa amefariki. Kwenye kilio chake mimi ndiye niliyeshika daftari la waliokuja kuchangia. Mnanijua nilivyo. Madaftari mengine yana jina na kiasi tu. Mimi niliweka nafasi ya sahihi na nafasi ya namba ya simu, ili familia iweze kumshukuru kila mtu vizuri. Kurasa nne, safi, hakuna hata mstari uliofutwa. Na tarehe ilikuwa kabla ya kubomoa.

Nilifunika kichwa cha ukurasa kwa karatasi nyeupe. Nikafunika na sehemu ya michango. Nikapiga fotokopi. Juu yake nikaandika: Mkutano wa wakaaji kuhusu daraja.  

Dosie ikapokewa. Mukubwa akanipongeza mbele ya ofisi nzima. Juma la pili ikaja barua fupi: wajumbe wa jimbo watafika, na kabla ya kufika watawapigia simu baadhi ya waliotia sahihi, wawaulize juu ya mkutano.

Tangu siku ile sikulala vizuri wala kula vizuri. Simu ya mtu yeyote ikilia, nilishtuka. Mwenzangu wa meza ya pili alinicheka:

“Vieux, mzee wangu, ni simu njo inalia, si polisi. Juu ya nini unatoka jasho?”

“Ni joto,” nikamjibu.

“Joto gani? Mi niko na koti!”

Nilianza kuwaogopa watu niliowasalimia kila siku. Mtu akinikaribia na simu sikioni, nilivuka barabara. Hapa kanisani nilihamia benchi la nyuma kabisa, maana mbele yangu walikaa watu watano wa ile orodha, na kila nilipofumba macho kusali niliona sahihi zao. Nilifikiria gereza. Nilifikiria mke wangu akileta chakula kwenye mlango wa gereza.

Lakini woga mkubwa haukuwa huo. Nyumba yangu iko karibu na mto. Kila asubuhi niliwaona watoto wa shule wakivuka ule mti, mmoja mmoja, viatu mkononi. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Luano. Siku moja mama mwenye mimba ya miezi minane alivuka akienda kupimwa. Alipofika katikati akasimama. Hakuweza kwenda mbele wala kurudi. Vijana wawili waliingia majini mpaka kiunoni, wakamshika miguu, wakamsogeza hatua kwa hatua. Mimi nilikuwa dirishani. Sikutoka. Nilishika pazia, nikahesabu hatua zake mpaka akafika ng'ambo. Nikajiambia: maji yakipanda, mtu atakufa hapa, na aliyemuua ni mimi na kalamu yangu.

Hata hivyo sikutubu, nisiwadanganye. Nilichofanya ni kwenda kuwaomba watu waseme uongo pamoja nami. Nilianzia kwa mjane wa yule marehemu, kwa sababu, kama mwenye kilio, jina lake na namba yake niliviweka juu kabisa ya orodha. Nilimkuta akitwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba.

“Mama, utapigiwa simu,” nikamwambia. “Batakuuliza kama ulikuwa ku mukutano ya kilalo, ile daraja. Useme ndiyo.”

Aliacha mchi ndani ya kinu. “Mukutano gani, papa?”

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, kwa mpango, kama ninavyoeleza mambo ofisini. Sheria mpya, siku kumi, daftari. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Ile siku nilikuwa nalia bwana yangu,” akasema. “Nilikuwa chini, pa mukeka. Na weye uliandika kama nilikuwa nachagua kilalo?”

“Mama, ni juu ya faida yetu sote.”

“Papa, juu ya nini haukutuita tu?”

 Akaendelea, bila kupaza sauti:

“Tungekuja. Hatuna na kazi mingi kushinda ile ya kuvuka maji. Batoto ni betu. Ungepita na megafoni mara moja tu, tungekuja na tungetia sahihi yote yenye unataka. Sasa unaniomba niuze kilio ya bwana yangu. Apana. Wakiniita, nitasema kweli.”

Kisha akachukua mchi, akaendelea kutwanga.

Nikatoka pale. Nilikuwa nimejifunza nyaraka miaka ishirini, na mwanamke asiyewahi kuuona hata mmoja alikuwa ameuelewa kuliko mimi. Sheria ile haikutaka kitu kigumu. Ilitaka watu waulizwe. Mimi niliona ni rahisi zaidi kuwaibia wafiwa kuliko kuwauliza majirani.

Sikurudi nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa bourgmestre, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Alifunga mlango kwanza.

“Unajua nini unafanya? Unajifunga kamba mu shingo weye mwenyewe. Na yangu pamoja!”

“Najua, mukubwa. Turudishe dosie mbele ya bale bajumbe kupiga simu.”

Alifungua droo, akanisukumia karatasi tupu. Kisha akasema, “Andika barua. Kama uliweza kuandika uongo vile, andika na kweli.”

Niliandika barua, tukaiomba dosie irudi. Commune ikakosa feza ya mwaka ule. Mimi nilisimamishwa kazi miezi mitatu, na barua ya onyo iko ndani ya dosie yangu mpaka leo. Jumapili iliyofuata bourgmestre aliita mkutano wa kweli kwenye uwanja wa shule, akaniamuru niseme nilichofanya. Nilisema. Kelele zilipanda. Mzee mmoja akasimama, akauliza:

“Kumbe tulifanya mukutano ku kilio? Na mufu naye, alitia sahihi?”

Watu walicheka, kicheko kibaya, na mimi nilitamani ardhi inimeze. Ndipo mwingine, mstaafu wa mgodini aliyekuwa akifunga nguzo chini ya ardhi, akasema, “Tutamutukana kesho. Leo tuangalie mawingu.”

Hakuna aliyezungumza tena juu ya saruji. Walichagua daraja la miguu, la magogo na mbao, lenye vishikio pande zote mbili. Tulifanya salongo, kazi ya pamoja ya wakaaji, Jumamosi tatu mfululizo. Mstaafu yule alinipa jembe akaniambia, “Kubomoa ulijua na karatasi. Kujenga utajua na mukono.” Mvua kubwa ya kwanza ilipiga siku nne baada ya kupigilia msumari wa mwisho. Maji yaliuchukua ule mti wa mkaliptusi kama kijiti. Nilisimama darajani tangu alfajiri, nimelowa, nikiwatazama watoto wakipita. Wote walipita. Hata mmoja hakukosa. Nalisema hilo bila kujisifu, kwa sababu siku nne ni chache sana.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama yule, ambaye alinikatalia. Nawashukuru waliobeba magogo wakiwa na haki ya kunipiga. Namshukuru mke wangu, aliyeuza mboga miezi mitatu na hakuniuliza maswali mbele ya watoto.

Ndugu zangu, sijaacha kuogopa. Juma lililopita umefika waraka mwingine, na masharti yamebadilika tena. Mkono wangu ulitaka kuutoboa na kuupanga. Badala yake nimeuleta hapa, nitaubandika mlangoni, kila mtu ausome. Jumamosi saa tatu tutakutana uwanja wa shule kuchagua kazi ya mwaka ujao. Kujeni. Na siku yoyote mkiona jina lenu kwenye karatasi ya mkutano ambao hamkuwako, ulizeni kwa sauti kubwa nani aliliandika, hata kama mwandiko ni wangu.