Kibuyu cha Kumpokea Mgonjwa

Bwana asifiwe! Mbona mnaitikia kama watu walionyeshewa mvua shambani? Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mimi ni Mama Koku wa hapahapa Nyakakika. Nimesimama kumshukuru Yesu aliyemtoa mume wangu Erasto kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, na gongo, wakati kaburi lilikuwa limeshamfungulia mdomo.

Erasto akiwa mzima ni mpole sana. Akilewa, mimi na watoto tulikimbilia migombani. Mwisho macho yakawa ya njano, tumbo likajaa maji, tukambeba kwa machela hadi zahanati ya misheni. Mara ile ya kwanza nilipika peke yangu nyuma ya wodi, mke mwingine wa mlevi hakuwepo. Akapona, akarudi nyumbani. Msimu wa kahawa uliofuata tukambeba tena, nikamkuta mwanamke wa Ihembe kwenye mafiga. Baadaye akaja wa Rugu, wakaja na wengine, mpaka tukawa tunagombania moto, na waume zetu wanalala kwenye mikeka kwa kuwa vitanda vimejaa. Kahawa ikishauzwa tu, wodi inafurika! Na nyuso ni zilezile, ndugu zangu. Tulisalimiana kama watu wa ukoo mmoja.

Nikajiuliza, hawa wanatoka wazima, kinachowarudisha ni nini? Jibu lilikuwa mlangoni kwetu. Mtu akitoka kuugua, ukoo unampongeza. Unampongeza kwa kitu gani? Kwa kibuyu cha rubisi! Pombe imemlaza mtu, tunampokea kwa pombe, akianguka tena tunasema karogwa. Shetani alitucheka sana!

Mara ya mwisho daktari alimwambia Erasto waziwazi, "Ini lako limechoka. Ukinywa tena, dawa hatuna." Erasto akalia kama mtoto. Mwinjilisti akaomba naye, akaokoka palepale kitandani. Nilifurahi, lakini njia nzima niliogopa, maana nilijua nyumbani wametuandalia nini.

Tukafika. Ua umejaa watu, baba mkwe ameketi katikati na kibuyu miguuni. Alikuwa amezikanyaga zile ndizi za rubisi mwenyewe, mzee yule na magoti yake mabovu, kwa kumpenda mwanawe. Akaonja kwanza, kama inavyopasa, kila mtu aone kwamba hakuna sumu. Kisha akamnyooshea Erasto mrija.

Ndugu zangu, nani anakataa mrija ambao baba yake ameonja? Ukikataa, umemwita baba yako mchawi mbele ya ukoo mzima! Erasto akaupokea, akauinamia. Nilitaka kupiga kelele. Lakini mnajua mkamwana hasemi mbele ya baba mkwe, hata kumtazama usoni ni aibu. Nikaomba moyoni, "Yesu, nipe ulimi!"

Nikapiga magoti. "Tata, nisamehe. Umemkanyagia ndizi kwa upendo, naona. Lakini akinywa hii, utamzika wewe."

Shangazi yake Erasto akafoka, "Mwanamke huyu hana haya!"

Baba mkwe akamwashiria akae. Akanitazama mimi. Nilijua akisema neno moja tu, narudishwa kwetu siku hiyohiyo. Akamgeukia mwanawe.

"Erasto, ni kweli?"

"Ni kweli, Tata. Nataka kuishi."

Mzee akauchukua ule mrija, akauvunja. Akatia mkono mfukoni, akatoa kahawa yetu ya kutafuna, akatafuna punje moja kwanza, akampa mwanawe nyingine. "Basi karibu nyumbani," akasema. Nililia hadi nikashindwa kuinuka. Haleluya!

Tangu siku ile Erasto hajaonja pombe. Nyumba nyingine nazo zimeanza kumpokea mgonjwa kwa kahawa. Msimu uliopita nilipita nyuma ya wodi, nikakuta mafiga yamepoa. Yamepoa kidogo, sitawadanganya. Lakini aliyeyapoza ni Yesu, na sifa ni zake!

Nanyi mnaosema "wangu ameshindikana," mtegemeeni huyu Yesu. Hata wangu alishindikana.

Sasa nivumilieni, sijakaa bado. Jirani yetu Zakaria anatoka wodini kesho. Asubuhi hii nimepita kwao nikija kanisani, nikasikia harufu ya ndizi zinazochachuka. Mama Zakaria, nakuona hapo kwenye benchi. Usiiname, mama, hakuna anayekulaumu. Najua unampenda mwanao, na najua unaogopa ukoo utasema nini. Mimi pia niliogopa. Inuka, nishike mkono, twende tukaimwage hiyo rubisi sasa hivi, na kanisa litusindikize.