Ufunguo wa Golkonda

NAQI: Haloo? Haloo, nani mwenzangu? Huku kuna makelele—

SUGHRA: Dada yako. Au umeshanifuta kwenye simu?

NAQI: Aa, dada Sughra! Salaam aleikum. Nitakupigia baadaye, niko shuleni, maonyesho yamejaa watu—

SUGHRA: Aleikum salaam, na usithubutu kukata! Umemfanyia nini mwanangu, Naqi?

NAQI: Mahjabin? Ana nini?

SUGHRA: Wakwe zake wako sebuleni kwangu, wanavunja uchumba. Harusi imebaki siku tisa! Mzee Basharat, baba wa bwana harusi, si alikuja huko asubuhi?

NAQI: Alikuja, nikamtembeza mwenyewe. "Dunia Mwaka 1687." Nikamwonyesha ukuta wa Athene, Waveneti walivyolipua hekalu la kale. Ukuta wa Uingereza, Newton anatoa kitabu chake. Halafu ukuta wetu, ngome yetu ya Golkonda inavyoanguka—

SUGHRA: Na kwenye ukuta wetu umeweka nini?

NAQI: Si ule ufunguo wa ukoo wetu? Ulinipa mwenyewe.

SUGHRA: Nilikupa uuweke kwenye kabati la kioo. Nilikutuma uandike?

NAQI: Nimeandika yale yale ya babu. "Ufunguo halisi wa lango la ngome. Uko mikononi mwa familia ya Mwalimu Naqi Husain tangu siku ile." Na saini yangu.

SUGHRA: Na juu yake? Nisomee.

NAQI: "Mfalme wa Delhi aliizingira ngome miezi minane, mizinga yake ikashindwa. Mwisho lango lilifunguliwa kutoka ndani, na..." Lo.

SUGHRA: Eeh, lo! Lango limefunguliwa na mtu wa ndani, na ufunguo tunao sisi! Miaka yote tunatamba na hilo lichuma, tunawawekea mabibi harusi chini ya mto siku ya kupakwa manjano, hakuna hata mmoja aliyejiuliza tumelipataje!

NAQI: Dada, ni mambo ya miaka mia tatu—

SUGHRA: Mwambie Basharat! Anasema mwanawe haoi kwa wasaliti. Mahjabin kajifungia chumbani, kalia mpaka sauti imekauka. Anampenda yule kijana, Naqi!

NAQI: Tulia basi. Hatukumsaliti mtu. [simu inakwaruza] ...si wa ngome.

SUGHRA: Sema tena, unakatika.

NAQI: Ufunguo si wa ngome! Babu aliununua soko la Alhamisi, kwa mwuza vyuma chakavu. Utawala wa Nizam, mfalme wetu wa mwisho, ulikuwa umekwisha, kazi ya ikulu imekwenda, ana mabinti wanne wa kuozesha. Alitaka jina.

SUGHRA: Nani kakwambia?

NAQI: Yeye mwenyewe, kitandani, alipokuwa anaumwa.

SUGHRA: Babu alifariki mwezi mmoja kabla ya harusi yangu.

NAQI: Dada, watu wananiita huku—

SUGHRA: Naqi. Ulijua kabla sijaolewa?

NAQI: Nilikuwa na miaka kumi na tisa tu, dada—

SUGHRA: Ulijua! Tumeshamzika babu, Qudrat akaja kuniposa na wazazi wake, watu wa bangili, watu wazuri. Baba akawafukuza, eti binti wa nyumba yenye ufunguo haolewi na mwuza bangili. Na wewe ulikuwa pale pale! Ukawasogezea viatu vyao!

NAQI: Baba angeniua.

SUGHRA: Na mimi je? Yule waliyeniozesha alinifanya nini, hukuona? Miaka kumi na minane nakuja kwako macho yamevimba, na wewe unanimiminia chai!

NAQI: Nisamehe.

SUGHRA: Sitaki! Shika kipaza sauti hapo ulipo, uwaambie watu. Mimi naingia sebuleni, naweka simu mezani, sauti juu.

NAQI: Hapa? Mwalimu mkuu yupo, wazazi wapo! Mimi ndiye mwalimu wa historia! Waambie wewe tu—

SUGHRA: Basharat atasema nimetunga jikoni. Sema mbele za watu. Haya, naingia. Sema!

NAQI: [kipaza sauti kinakwaruza] Jamani... jamani, samahani, nisikilizeni kidogo. Huu ufunguo ni wa sokoni. Babu yangu aliununua, na mimi nimejua tangu ujana wangu. Maandishi haya ni uongo wangu. [karatasi inachanwa, watu wanacheka] Mzee Basharat, kama unanisikia, sisi hatukufungua lango lolote. Hata haijulikani tulikuwa wapi mwaka huo. Tulikuwa watu wa kawaida tu.

SUGHRA: [vikombe vinagongana]

NAQI: Dada? Wanasemaje?

SUGHRA: Ngoja nitoke. [mlango] Basharat kacheka mpaka kakohoa. Mkewe ameomba chai.

NAQI: Alhamdulillahi! Kwa hiyo yamekwisha.

SUGHRA: Ya Mahjabin yamekwisha.

NAQI: Dada...

SUGHRA: Salio linaniishia, usinililie. Siku ya harusi njoo ule biriani, umpe mtoto mkono wa heri, uende zako. Nyumbani kwangu usikanyage.

NAQI: Mpaka lini?

SUGHRA: Mimi nilivumilia miaka kumi na minane. Anza kuhesa—

[simu imekatika]