Ukuta wa Secilia, Picha ya Rubeni Shemhilu

Hili hamtaliamini, ndugu waombolezaji. Lakini mjomba wa marehemu, Sefania, aliyesoma darasa la nne mara mbili ili limkae vizuri, hasemi uongo msibani.

Rubeni alizaliwa Malindi, Lushoto, tarehe 9 Machi 1938, mwana pekee wa Secilia, dada yake Sefania. Alimaliza darasa la nane mwaka 1954, akaajiriwa kiwanda cha mbao Shume, akiandika namba kwenye magogo kwa rangi ya mafuta. Ndiko alikoanzia kuchora.

Tarehe 14 Julai 1962 alifunga ndoa na Marta. Bibi harusi alipoiona picha aliyoichora mumewe, rangi imetuna kama tope, alidhani ni ukandikaji ulioachwa njiani. Akalowesha kiganja, akaisawazisha yote! Rubeni alinuna siku mbili. Ya tatu akatupa brashi, akaanza kupaka kwa kiganja.

Oktoba 1974 watu walihamishiwa kijiji kipya. Secilia akagoma. Mgambo waliivunja nyumba yake kwa mashoka yeye akiwa ndani. Boriti ikamponda kifua, akafa. Rubeni alichota udongo wa ukuta ule aliokuwa ameukandika mama yake, akauchanganya na rangi nyekundu, akautwanga kwenye turubai kwa ngumi hadi vidole vikachanika. Hapakuwa na sura ya mtu wala nyumba, mabonge na nyufa tu. Akaitundika ofisini pa kijiji.

Mgambo mmoja akaja na panga. "Toa uchafu huu!"

"Uguse kwanza," Rubeni alisema. "Ni mama yangu."

Panga lilipasua turubai, likazama begani mwake hadi mfupani. Bega lilishonwa hospitali. Picha aliishona mwenyewe kwa uzi wa katani, na hakuuficha mshono. Ndiyo hii kando ya jeneza. Mkipita, iguseni.

Kifua kilimlaza tangu Januari, akafariki nyumbani tarehe 22 Juni 1979. Ameacha mjane, Marta, na watoto wawili, Abrahamu na Dorkasi.

Haya mjomba aliyaandika kando ya kitanda, akimsomea mgonjwa; habari za kifo na jeneza zimeongezwa baadaye. Mwisho umeachwa ulivyokuwa siku ile:

"Alale pasipo mtu wa kumhamisha. Na ijulikane kwamba panga lile lingemmaliza, kama si mjomba Sefania kujitupa katikati, akawakaba mgambo saba kwa mkono mm—"

"Mjomba," Rubeni alisema, "alikuwa mmoja. Na wewe ulikuwa chini ya meza, unanivuta suruali."