Nusu ya Sinia

Tangu Mabrouk akaze mshipi matundu matatu, barza yetu ya Mkunazini haina amani. Mimi na yeye tulipimwa sukari siku moja, tukapewa karatasi ile ile yenye picha ya sahani. Huu mwezi wa tatu: sukari yake imeshuka, yangu imepanda, na wivu nilionao sina haja ya kuuficha. Alasiri ile nilitoka nyumbani tumbo limejaa wali. Basma, mke wangu, alikuwa akilalamika kizunguzungu, nikamwambia ni joto tu. Barzani niliwakuta Qais, tunayemwita Redio, na Hamed, tunayemwita Daktari kwa kuwa aliwahi kuwa bawabu wa zahanati. Nahodha, muuza kahawa, alikuwa akitumiminia.

— Mabrouk kapita hapa sasa hivi, Redio akasema. Kapanda ngazi za msikiti mbili mbili, na umri wake sabini na moja.

— Sitini na tisa, nikasema. Usimwongezee sifa.

— Mie nnajua anachokula. Mwani. Ana shemeji yake Kiwengwa anamletea kwa kiroba. Umewahi kumwona samaki ana sukari?

— Mwani wapi, yakhe, Daktari akasema. Vitamini hizo. Vitamini ziko ishirini na nane, moja kwa kila herufi ya Kiarabu, alifu mpaka ye. Zahanati wanakupa tatu nne. Zilobaki kaletewa kutoka Maskati.

— Na ile karatasi je? nikauliza. Imeandikwa nusu ya sahani iwe mboga. Nami nlifuata, nkajaza mchicha nusu ya sinia. Wajukuu wote wakahamia upande wa wali.

— Na wewe?

— Nkawafuata.

Redio alishusha sauti.

— Nyie hamjamwona kaka yake wa Mbweni alivyonenepa? Kile kitambi si chake. Cha Mabrouk kile, kakihamisha.

Nilimtazama Daktari nikitegemea atacheka.

— Kinahamishika, akasema. Nshaona zahanati.

Hapo akasimama mbele yetu binti mmoja na daftari mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Naitwa Yusra, ni mtu wa lishe. Tunapita mitaani kuandika watu wanakula nini majumbani.

— Umefika penyewe, Daktari akasema. Uliza.

— Wake zenu wamekula nini leo mchana?

Nikawahi mimi:

— Wali, mchuzi wa papa na bilingani.

— Hicho ndicho alichopika?

— Ndicho.

— Nimeuliza alichokula.

Redio, asiyekosa neno hata msibani, alitazama ndani ya kikombe chake. Daktari alitaka kujua kama swali lile ni la lazima. Nahodha alisema yeye yuko kazini.

Mabrouk akatokea na kikapu kutoka sokoni Darajani. Redio akamtupia swali lile lile, apate kumwona naye akikwama.

— Saadiya? Kala muhogo wa kuchemsha, mchicha na kipande cha changu. Embe kaacha nusu, nkaimaliza mie. Tangu macho yake yaharibike kwa sukari nampikia mwenyewe, na nnakula anachokula yeye.

— Mbona hukutwambia? nikamuuliza.

— Hamkuniuliza.

Yusra akaandika. Mimi nilikiacha kikombe changu kimejaa nikaondoka. Wivu haukuniisha njiani, ila haukuwa tena wivu wa ule mshipi.

Basma nilimkuta jikoni, kakaa juu ya mbuzi ya nazi, kichwa kakiegemeza ukutani. Nikamuuliza kala nini mchana. Aliinua kichwa akanitazama, nadhani akitafuta kosa alilolifanya.

— Ukoko, akasema. Na chai. Kwani uliutaka?